Ng'ombe Wawili kwa Jua la Namatala

Mama yetu alikuwa akikausha nyama kwenye kamba. Nianzie hapo, kwa sababu nikianzia kwenye sola mtadhani nimetumwa na wenye maduka, na mimi sijatumwa na mtu. Nilikuwa mtoto, tunakaa Namatala kule Mbale, wakati ambao bado ungeweza kupitisha mkokoteni kati ya nyumba na nyumba bila kukwaruza ukuta wa mwenzako. Mama alikata nyama nyembamba kama mkanda wa suruali, akaipaka chumvi, akaitundika kwenye kamba iliyotoka mlango wa jiko ikaenda mpaka kwenye mpapai. Kazi yangu ilikuwa kukaa chini ya ile kamba na fimbo, nifukuze mwewe. Mwewe wa Mbale hana haya. Anakuangalia machoni, anachukua, anaondoka taratibu kama mtu aliyelipa.

Baba hakuila ile nyama. Alikuwa askari, mtoto wa askari, na alikula nyama ya kopo jeshini mpaka akaapa hatakula tena nyama ya akiba. "Nyama kavu ni chakula cha watu wa safari," alikuwa akisema, "na mimi safari zangu nimemaliza." Mama anamjibu bila kugeuka, "Nani amekuambia umemaliza?" Sisi ni Wanubi. Babu zetu waliletwa na jeshi kutoka Sudani, wakaambiwa kaeni hapa, na tangu hapo kila mkubwa anayekuja hutuuliza tunakaa hapa kwa nini. Lakini hilo ni jambo lingine, nikiliingia sitatoka.

Nilikuwa nasema juu ya nyama. Mama hakuwa anaangalia jua, alikuwa anaangalia mlima ulio juu ya mji. Mbale jua lake ni la asubuhi. Likipita adhuhuri, katika miezi ya mvua, mlima unajifunga wingu kiunoni, kisha kifuani, na ukimaliza kujifunga kichwa ujue maji yako njiani. "Jua la hapa ni mgeni wa chai," mama alisema, "halilali." Mwaka mmoja baada ya Idi ya kuchinja alitundika nyama nyingi kuliko siku zote, na wingu likaja likakaa. Akaiingiza ndani, akaitoa, akaiingiza tena. Mwishowe ikaanza kunuka, ikawa kijani pembeni. Akaibeba yote kwenye karai, akaizika nyuma ya choo, na mimi namfuata nikiwa bado nimeshika fimbo yangu ya mwewe. Hakulia. Alinawa mikono akasema, "Nimepoteza chumvi."

Kwa hiyo miaka mingi baadaye, kijana wa duka la sola hapa Jinja aliponiambia jua ni bure, nilijua kwamba jua ni bure na chumvi si bure. Lakini nilinunua. Ngoja niseme ilivyokuwa.

Dada yangu, mkubwa wangu, ndiye aliyebaki katika ile nyumba ya Namatala. Aliolewa, akafiwa na mume, akarudi kwa wazazi, akawazika wazazi. Watoto hakujaliwa. Mimi niliondoka kijana nikaja Jinja kutafuta kazi katika kiwanda cha nguo, nikapakia marobota ya pamba mpaka kiwanda chenyewe kikachoka kabla yangu. Sasa naishi Mpumudde, hapa hapa Jinja, na bibi yangu, yaani mke wangu. Mimi shule niliishia pale wanapofundisha kugawanya, na kugawanya kwenyewe sikumaliza, kwa hiyo nikikosea hesabu humu ndani mnisamehe.

Na nisisahau kusema: dada yangu huyu amekwisha kufa. Nasema mapema ili mtu asisome akitumaini.

Alikuwa na sukari. Si ile ya vidonge, ile ya sindano. Alijidunga mwenyewe tumboni asubuhi na jioni, akigeukia ukutani, na akimaliza anasema "Alhamdulilahi" kama mtu aliyemaliza kula. Sasa dawa ile ya sindano haitaki joto. Na nyumba ya mabati ya Namatala saa nane mchana, wakati wa kiangazi, hata mjusi anatoka nje kupumua. Dawa yake ilikuwa inakaa kwenye friji ya dukani, ng'ambo ya njia, pamoja na soda. Mwenye duka alikuwa mtu wa Nakaloke, mtu mwema, hakutaka hata shilingi. Dada akivuka tu, yule bwana anatoa kichupa kutoka nyuma ya soda anasema, "Mama, yako ya baridi hii."

Halafu transfoma ya mtaa ikaungua. Ikatoa mlio, ikatoa moshi, ikanyamaza. Watu wakasubiri mafundi. Mafundi wakaja wakaiangalia kutoka chini, wakaondoka. Mwenye duka alisubiri mpaka maziwa yote yakaharibika, kisha akapakia friji yake kwenye pikapu, akarudi nayo kwao Nakaloke. Dada akarudi kwenye mtungi. Mtungi wa udongo, mchanga ndani, maji juu ya mchanga, kichupa kwenye mfuko wa nailoni katikati. Mtungi unafanya kazi, nisiuseme vibaya, lakini unataka kivuli na unataka kumwagiwa maji kila wakati, na maji ya bomba yalikuwa ya kununua kwa jerikeni. Akisikia kiu mtu, dada anampa mtu. Mtungi unangoja.

Alianguka akiwa anafagia. Nilimkuta hospitalini Mbale, midomo imekauka, macho yananitafuta mahali ambapo sipo. Nesi alikichukua kile kichupa, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaniita. Ndani mlikuwa na chembe chembe kama maziwa yaliyokatika.

"Unaona, mzee? Hii haina kazi tena. Amekuwa akijidunga maji."

Nikarudi Jinja na hilo neno.

Bibi yangu alinisikiliza mpaka mwisho, huku anachambua mchele. Kisha akasema jambo la akili, na mimi nimekaa naye muda mrefu kiasi cha kujua kwamba akisema jambo la akili nitalijutia nisipolifuata.

"Mlete hapa. Hapa umeme upo."

Ni kweli, upo. Sisi tunakaa karibu na bwawa, nyaya zinapita juu ya vichwa vyetu kwenda kwa watu wengine, na mara nyingine wanatuachia kidogo. Dada alipotoka hospitalini nikampigia simu.

"Jinja?" akasema. "Jinja nani atanizika?"

"Nimesema uje kukaa, sikusema uje kufa."

"Wewe ndugu yangu, mtu wa umri wangu akihama ni kitu kimoja tu anaenda kufanya. Hapo kwenu nani ananijua? Wataniosha wanawake ambao hawajui hata nilikuwa nacheka vipi. Hapana. Kaa na Jinja yako."

Basi nikaenda kwenye duka la sola. Lipo barabara kubwa ya mjini, zile sahani za kunasa jua zimeegemezwa ukutani nje, nyeusi, zinameta kama maji ya kisima. Nilimsalimu kijana muuzaji kwa Kiswahili, kwa sababu Kisoga changu kinachekesha watu. Kijana akasimama wima.

"Karibu, afande!"

Hapa Jinja ndivyo ilivyo. Mzee akifungua mdomo kwa Kiswahili, watu wanakumbuka buti za askari.

"Mimi si afande. Nilikuwa napakia marobota."

"Ndiyo, afande. Tukusaidie nini?"

Nikamweleza. Nikamwambia nataka friji ndogo ya dawa, na kama itabaki nguvu, taa. Akachukua kikokotozi.

"Nyumba ina watu wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja tu?"

"Mjane. Anakaa peke yake."

"Aa, basi hesabu yako nyepesi sana, afande." Akabonyeza, akabonyeza. "Friji ndogo, taa tatu, redio, simu moja. Unataka sahani hizi mbili na betri hii. Sahani zinakaa miaka ishirini na tano. Na jua ni bure!"

"Na betri?"

"Betri ni kama punda. Mpe mzigo wake, atakwenda nawe miaka. Mzidishie, atalala njiani na hutamwamsha."

Alisema bei. Nikakaa kwenye kiti chake bila kukaribishwa.

Nilikuwa na ng'ombe wawili na ndama mmoja. Hawakuwa kwangu, Mpumudde utamfuga wapi ng'ombe, walikuwa Nakaloke kwa shemeji yangu. Yeye anakunywa maziwa, mimi nachukua kinachozaliwa, ndivyo tulivyopatana. Vile viumbe ndivyo vilivyokuwa uzee wangu. Ng'ombe wawili walitosha kabisa bei ya yule kijana, na hakuna kilichobaki cha kusema kimebaki.

Bibi yangu hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige kelele.

"Dada yako nampenda," akasema. "Hilo ulijue kwanza, kabla hujanuna. Lakini ng'ombe inazaa. Sola inazaa nini?"

"Inazaa baridi."

"Baridi utakula? Amesema inakaa miaka ngapi hiyo?"

"Ishirini na tano."

Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye ndara. "Na wewe utakuwa wapi miaka ishirini na tano? Yeye atakuwa wapi? Mnanunua shati la mtu mwingine."

Watu wengi huniuliza, mzee, sola ina faida? Wanadhani kwa kuwa nilinunua najua. Nawaambia, piga hesabu umeme wa waya unakula kiasi gani, piga hesabu sahani itakaa miaka mingapi, ondoa hiki kwa kile. Ndivyo yule kijana alivyonifundisha. Lakini mimi hesabu yangu haikuwa na kitu cha kuondoa. Upande mmoja ng'ombe, upande wa pili nesi amesimama dirishani na kile kichupa. Ungeondoaje?

Nikauza. Soko la Nakaloke siku ile lilikuwa na vumbi, na mnunuzi alipomshika ng'ombe mweupe mkia, ng'ombe akageuka akanitazama mimi, si yeye. Ndama nilimwacha kwa shemeji.

Fundi alipanda juu ya nyumba ya baba akateremka haraka. Mabati yalikuwa yameoza sehemu, akaogopa. Akatafuta mbao, akapigilia, akapanda tena. Mchana ule ule friji ikaanza kunguruma, sauti ndogo, kama paka aliyeshiba. Dada akaweka vichupa vyake juu, akaweka na chupa moja ya maji. Baada ya muda akaitoa akanywa, akashika shavu.

"Yalaa! Jino langu!" Akacheka mpaka akakaa chini. "Ndugu yangu, umeniletea Ulaya ndani ya nyumba ya baba yako."

Kesho yake majirani wakaanza kuja. Hapa ndipo penyewe, na mtu ambaye si wa kwetu hawezi kupaona. Walikuja kumpongeza kama walivyokuwa wakienda kumpongeza mzazi. Kwetu, nyumba ikipata kitu kipya, watu hawaji mikono mitupu. Huyu kaja na sukari, akakumbuka mwenye nyumba ana ugonjwa wa sukari, akacheka akaiacha vilevile kwa ajili ya wageni. Huyu kaja na sabuni. Mwingine kaleta kiberiti, utani huo, "ili ulizike giza lako vizuri". Akaja pia mama mmoja mnene anayeosha maiti za wanawake wa mtaa mzima, kaleta ubani, akaufukiza mbele ya friji akaiombea dua. Mimi nimekaa kwenye mkeka nakunywa chai, nimefurahi, nawahesabu kama wageni. Sikujua kwamba kila aliyeleta sabuni alikuwa ananunua nafasi.

Hawakuwa wabaya. Nataka hili lieleweke. Mtaa mzima ulikuwa hauna umeme, na simu ya mtu ndiyo kazi yake. Kuna jirani wa bodaboda, bila simu hapati abiria. Yule mama muosha maiti bila simu ataitwaje? Alikuja wa kwanza. Simu moja, inakula nini simu moja? Dada akachomeka.

Nilirudi Jinja nikakaa. Kila tukiongea kwenye simu anasema friji nzuri, dawa nzuri, sukari imeshuka, nesi amefurahi. Bibi yangu alianza hata kusema "sola yetu". Ikaingia Ramadhani, ikapita, na baada ya Idi nikapanda gari kwenda kumwona.

Mlangoni nilihesabu viatu nikadhani kuna msiba. Ndani hakuna msiba. Kuna watu wamekaa wanangoja simu zao. Kutoka kwenye kile kiboksi cha sola zilitoka nyaya, na kutoka kwenye nyaya nyaya nyingine, chaja juu ya chaja, kama mizizi ya mti uliopandwa kwenye kopo. Nikafungua friji. Niliona chupa za maji za watu, juisi, maziwa, togwa, kila chupa imefungwa kitambaa shingoni ili mwenyewe aijue: chekundu wa nyumba ya nyuma, cha maua wa mwalimu wa madrasa, cha gunia wa bodaboda. Vichupa vya dada vilikuwa vimebanwa mlangoni, vimelala ubavu. Nikagusa. Havikuwa baridi. Vilikuwa kama mkono wa mtu.

"Dada."

"Lete chai ya ndugu yangu!" akamwambia mmoja wa wanaongoja, kama vile nyumba ni ya wote. Na ilikuwa ya wote.

"Dada, hii friji haina baridi."

"Jana kulikuwa na wingu. Leo itashika."

"Na hizi chupa?"

"Ilikuwa mfungo, ndugu yangu. Mtu amefunga tangu alfajiri, ana kiu, anajua kwangu kuna baridi. Nimwambie nini? Nimwambie kunywa ya moto, baridi yangu ni ya sindano?"

"Ndiyo! Mwambie hivyo hivyo."

Wale wanaongoja wakaangalia simu zao, zile ambazo hazikuwa na chaji.

Nilimpigia yule kijana wa Jinja palepale, kwa hasira. Nikamwambia umeniuzia takataka. Akaniuliza taratibu ni vitu gani vimechomekwa. Nikaanza kumtajia. Nikafika katikati nikasikia mwenyewe.

"Afande," akasema, "wewe uliniambia nyumba ina mtu mmoja."

Na kweli nilisema. Nilijibu alichouliza, nani analala humo. Mimi niliyezaliwa katika nyumba ile, niliyelala juu ya mkeka mmoja na watoto ambao mpaka leo sijui walikuwa wa nani, mama akigawa chakula kwa yeyote aliyekuwa amekaa, nilisimama mbele ya kikokotozi cha mtu nikasema mmoja. Hakuna nyumba ya mtu mmoja Namatala. Kama ningesema mtaa mzima, kijana angenicheka na kuniambia hakuna sahani kubwa kiasi hicho, na ng'ombe wangu wangekuwa bado wanakula majani Nakaloke.

Nilinunua kufuli siku ile. Nikafunga friji, nikampa dada ufunguo, nikawaambia watu kwa upole kwamba hii ni dawa, si soda. Wakaitikia wote, "Kweli mzee, ni haki." Nikaondoka. Kufuli lile, nimeambiwa, lilikaa mpaka mtoto wa jirani alipopata homa na mama yake akataka barafu ya kumkanda.

Betri ikafa kabla mvua ndogo hazijaisha. Ile miezi wingu linashuka mchana na wale wote wanachomeka asubuhi, kwa hiyo jua lililoingia lilikuwa limekwisha toka. Fundi akaja akaipima akasema imekaushwa mara nyingi, haifufuki. Sahani ziko juu, nzima, zinapigwa jua lao la asubuhi, hakuna pa kuliweka. Dada akarudi kwenye mtungi. Mguu wake ukaanza kidonda pale kidole kidogo, cha kawaida tu, cha kujikwaa, lakini hakikufunga.

Bibi yangu safari hii hakusema neno la akili. Alisema, "Muuze na ndama. Mkiingia majini mpaka shingoni, kichwa mnakificha wapi?"

Nikamuuza ndama. Bei yake ilikuwa bei ya betri, karibu sawa. Nikaifunga ile pesa kwenye kitambaa, nikaiweka mfuko wa ndani wa koti, nikaenda Mbale. Njiani nilipanga maneno. Mimi si mtu wa kupanga maneno, mmeona wenyewe, lakini siku ile nilipanga.

Nilimkuta amekaa kitini, mguu umefungwa kitambaa cheupe, umepumzishwa juu ya gogo. Alikuwa amepungua mpaka gurubaba lake, ile nguo ya kujifunga ya mama zetu, lilimzunguka mara nyingi kuliko zamani. Nikamsalimu, nikavua viatu, nikakaa.

"Nimekuja na betri," nikasema. "Ipo hapa mfukoni."

"Betri ndogo hiyo," akasema, na tukacheka kidogo.

"Lakini safari hii, dada, kwa sharti. Hakuna simu ya mtu. Hakuna chupa ya mtu. Mlango huu ufungwe. Akija mtu na chaja, umwambie ndugu yangu amekataa. Nitupie mimi ubaya wote. Mimi siishi hapa."

Alikuwa anasukuma kitambaa cha mguu kwa kidole, kukiweka sawa.

"Nikimkataa huyu wa bodaboda," akasema, "siku nikizidiwa nani atanibeba hospitali?"

"Utakuwa hujazidiwa! Ndiyo maana ya friji!"

"Na yule mama. Nimwambie nini? Nimwambie kila simu moja bei gani? Nimuuzie umeme mwanamke atakayeniosha?"

"Mwambie unaumwa."

"Anajua naumwa. Ndiyo sababu anakuja kila siku. Anachaji, tunaongea, ananigeuza mguu. Wewe unadhani anakuja kwa simu tu?" Akainua macho. "Ndugu yangu, friji yako ilinipa nini? Nambie. Miaka? Mingapi? Miwili? Mitatu? Niikae nimefunga mlango, nasikiliza inanguruma. Kisha nife, na mlango umefungwa, nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe uko Jinja."

Nitasema hapa, kwa sababu sitapata mahali pengine pa kulisema, kwamba aliyoyasema yalitokea. Alipokufa, yule wa bodaboda ndiye aliyembeba, yule mama ndiye aliyemuosha, na watu walijaa mpaka njia ikafunga. Nimeambiwa. Walinipigia simu asubuhi wakamzika alasiri, sisi Waislamu hatusubiri.

Lakini siku ile alikuwa hai mbele yangu, na mimi nilikuwa na ndama kwenye koti.

"Dada," nikasema, "hawa watu watakuua."

"Watu hawaui. Sukari inaua." Kisha kwa sauti ya upole, ile aliyonisemesha nayo nikiwa mtoto na nimekataa kula, "Nunua betri, ndugu yangu. Nunua ukitaka. Lakini mimi mlango sifungi. Nikudanganye?"

Hakunidanganya. Angeweza kusema ndiyo, nikanunua, nikarudi kwangu na moyo mweupe. Ningejua baadaye. Hakutaka.

Pale pale akaingia mwanamke wa nyumba ya nyuma, yule wa kitambaa chekundu, simu mkononi na chaja imening'inia.

"Salaam aleikum. Oo, mzee yuko! Mama, leo umeme bado?"

"Bado, mwanangu. Betri imekufa."

"Na mzee si amekuja nayo?"

Dada aliniangalia mimi. Yule mwanamke naye akaniangalia, bila ubaya wowote, ameshika chaja yake. Juu yetu jua la asubuhi lilikuwa linapiga zile sahani, nilisikia mabati yanatoa mlio wa kutanuka.

"Acha tu simu hapo mezani," dada akamwambia. "Tutaona."

Akaiweka mezani. Kulikuwa na nyingine mbili tayari, sikuwa nimeziona.

Nikasimama. Nikavaa viatu mlangoni, cha kushoto kikanisumbua, nikainama nikakivuta kisigino kwa kidole.

"Unakwenda wapi?" dada akauliza. "Chai iko motoni."

Nikatoka. Nikapita kwenye duka lililokuwa na friji, sasa wanauza mkaa, nikapita transfoma, nikafika stendi nikapanda gari la Jinja, pesa ya ndama bado kwenye koti. Sikurudi tena.